Buti za Kijani Mlangoni

Septemba 2

Merveille amepiga simu kutoka Namur, kule Ubelgiji. Mimba inaendelea vizuri, daktari anasema mtoto atazaliwa katikati ya Novemba. Hakuniomba nirudi. Alisema tu, "Mama, utakuwepo," kisha akaanza kuniuliza habari za hali ya hewa. Akitaka jambo anakuwa na sauti ya bibi yake kabisa, wakati wamekutana mara mbili tu maishani.

Basi nitarudi. Nilikuja Bukavu kwa miezi miwili kumuuguza Mama aliyevunjika nyonga, na sasa mwaka wa pili unakwisha. Nyonga ilipona zamani. Mama anatembea na mkongojo wake, anagombana na wauza makala, yaani mkaa, anaimba shirika, kikundi chetu cha sala, kikikutana kwake. Mimi ndiye niliyebaki nimelala katika kitanda cha msichana, chini ya picha ya Bikira Maria iliyopauka, na kila nilipofikiria kuondoka nilipata sababu ya kuahirisha.

Nimempigia Gracien, mdogo wangu anayekaa Nguba. Akanionya nisimwambie Mama siku, nisimwambie mtu yeyote. Ndivyo tulivyo hapa. Siku ya safari haitangazwi. Unaficha tikiti, unasema mwezi ujao kumbe ni keshokutwa, na majirani wanapata habari ukiwa tayari ng'ambo. Wengine wanaogopa jicho la mtu, wengine uchawi, wengine ule msururu wa watu mlangoni wakiomba uwaachie souvenir. Mimi nimeosha wazee wa Ubelgiji miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Kadutu, mambo ya uchawi siyaamini. Hata hivyo sikumwambia mtu mwingine.

Septemba 5

Jua na vumbi. Mama amesema viazi vyangu vimepikwa na mtu asiye na haraka ya kula. Akavimaliza.

Septemba 11

Mvua ya kwanza. Ilianza kwa upole, watu wakatoa mabeseni nje kukinga, kisha ikapiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara.

Ilipokwisha nilizunguka nyuma ya nyumba kutazama korongo. Watu wa hapa huliita érosion, hata wale ambao hawajui Kifaransa kingine. Nilipokuwa mtoto nyuma ya jiko kulikuwa na migomba, choo, na njia ya kupita watu wawili. Sasa kuna kile choo cha zamani, mifuko ya mchanga, matete tuliyopanda mwaka jana, na baada ya matete hakuna kitu, ni kuporomoka tu mpaka kwenye mabati ya watu wa chini. Leo kipande kingine kimeondoka. Si kikubwa, labda ukubwa wa meza, lakini matete yaliyokuwa juu yake yamekwenda nacho.

Nilimwambia Mama. Akajibu kwamba korongo hilo lilikuwepo kabla sijaota meno. Si kweli, lakini nani atabishana naye?

Hilo ndilo linaloninyima raha. Sitaweza kupanda ndege nikimwacha ndani ya nyumba hii, katika mvua hizi, na kumtoa siwezi, kwa sababu kila anayemtajia kuhama, Mama humuuliza kama amechoka kumwona akiwa hai.

Septemba 14

Jumapili. Baada ya misa tulikwenda kula kwa Gracien. Mke wake, Mélanie, alipika samaki mkubwa, sombe la majani ya muhogo, wali, kuku, vitu vya kutosha ubatizo. Nyumba yao inatazama ziwa. Mama aliketi barazani na mkongojo kati ya magoti, akatazama maji muda mrefu, akasema hewa ikiwa safi namna hii mtu angeweza kumwona Bintu akianika kahawa. Bintu ni mdogo wake, mjane, anaishi kisiwani Idjwi. Ni dada wawili wanaopenda kuchokozana kwa simu, kila mmoja akimwona mwenzake amezeeka zaidi.

Wakati Mama amesinzia, Gracien alinionyesha chumba cha uani. Amekipaka rangi, ameweka choo ndani na chuma cha kushikilia ukutani. Nilitaka kumsifu, nikaona dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nilimuuliza atamhamisha vipi mtu asiyetaka kuhama. Akasema mpango ni rahisi: mimi nikishavuka mpaka, Jumapili moja atampitia kwa misa kama kawaida, na baada ya misa gari halitapanda Kadutu, litakuja Nguba. Vitu vyake vitafuata.

Nilimwambia hiyo ni kumwiba mama yetu. Akanijibu kwamba mtu anayekwenda zake hana haki ya kumfundisha anayebaki namna ya kubaki. Niliudhika sana, kwa sababu ni kweli. Mwishoni nilikubali. Ila nilimwambia afanye hivyo nikiwa bado hapa, nimsaidie Mama kuzoea.

Septemba 16

Umeme hakuna. Mvua hakuna. Mama hanisemeshi tangu nilipotupa kikapu chake cha zamani, na sasa nimekirudisha.

Septemba 20

Leo Mama ameniomba niifue blanketi yake nyeupe, ile nzito, zawadi ya baba. Nilimwuliza kwa nini tuifue msimu wa mvua, itakauka lini. Akasema itakauka siku itakapokauka. Tuliikamua mimi na Francine, kila mmoja upande wake, tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu.

Francine ni jirani wa mlango wa pili. Anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la Kadutu, ana kelele, ana moyo, na kama si yeye nisingejua hata bei ya chumvi. Tangu wiki hii Mama anakwenda kwake kila asubuhi. Wanasali, anasema. Nilipotaka kwenda naye nikaambiwa nibaki nichambue maharage.

Septemba 23

Mvua usiku kucha na asubuhi. Korongo limechukua choo cha zamani.

Septemba 28

Nimempa Francine buti zangu za mvua. Ni zile za kijani nilizokuja nazo, mpira mzito, zinafika magotini. Nilimkuta akipanda kutoka sokoni na beseni kichwani, sandali zake za plastiki zimejaa matope na amezishika mkononi, anatembea miguu mitupu juu ya kokoto. Nikaona haya kuwa na buti ambazo baada ya muda mfupi zitakuwa hazina kazi. Alizivaa palepale, akatembea mbele ya nyumba akijitikisa kama mke wa gavana. Zinamtosha.

Mama alikuwa mlangoni, mkono umeshika mwimo, ndivyo anavyosimama siku zote. Baadaye, tukila, aliniuliza kama sitazihitaji tena. Nikamwambia nitanunua nyingine. Akaendelea kutoa miiba ya samaki.

Oktoba 3

Mama amegawa kuku wake. Wote. Yule jogoo mwekundu anayemwita Monsieur amekwenda kwa Francine pamoja na majike mawili, wengine kwa watu wa shirika. Nilirudi kutoka kununua makala nikakuta banda limefagiliwa. Nilipomwuliza akasema kuku wanamchosha.

Mama hajawahi kuchoshwa na kuku. Vita vilipopita mtaani alijificha chini ya kitanda na kuku kifuani.

Nimefanya kazi katika nyumba ya wazee, najua mambo haya yanavyokwenda. Mzee anaanza kwa kufua kilicho kizuri. Kisha anagawa. Kule Namur kulikuwa na bibi mmoja aliyenipa ua lake la chungu siku ya Jumatatu, akaniambia nilimwagilie kidogo tu. Wafanyakazi tulitazamana. Alhamisi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Oktoba 7

Leo amemwita padri. Ameungama muda mrefu, nami nimefukuzwa nje kusimama kwenye manyunyu. Padri alipotoka alinishika bega akasema mama yangu ana amani kubwa. Nilitaka kumrukia. Sitaki amani kubwa, nataka augombee mchele.

Halafu kuna kile kitenge cha bluu chenye ndege. Kimekaa chini ya sanduku tangu Krismasi. Amekipeleka kwa fundi kushonwa, na amesema anakitaka mapema, wiki ijayo. Nilimpigia Gracien nikilia. Nilimweleza yote: blanketi, kuku, padri, kitenge. Akasema labda Mama ameota kifo, wazee huota. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuijua.

Nimewaza kumwambia Merveille siendi. Mtoto wake atazaliwa hata nisipokuwepo, madaktari wapo, mume yupo. Lakini Merveille hana mama mwingine. Huku naitwa mtoto, kule naitwa mama, na popote nitakapokuwa nitakosekana upande mmoja. Sina mtu wa kumlaumu kwa hilo.

Oktoba 8

Mvua.

Oktoba 9

Mvua. Mama amelala mchana, nikaenda mara tatu kusikiliza kama anapumua. Mara ya tatu akafumbua jicho moja akaniuliza natafuta nini.

Oktoba 12

Jiko limekwenda.

Ilikuwa saa tisa mchana, tumetoka misa, tumekula. Mbingu za upande wa ziwa zilikuwa nyeusi tangu asubuhi, lakini Bukavu mwezi wa Oktoba mbingu ni nyeusi kila siku, huwezi kukaa ukizitazama. Ikaanza. Maji hayakushuka tu kutoka juu, yalikuja pia kutoka kwa majirani wa mlimani, yakapita chini ya mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, mekundu, yamebeba maganda na kandambili ya mtu. Nilikuwa nazuia kwa matambara. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, mkoba wake mweusi mapajani kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini.

Kisha nilisikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayevuta sanduku zito juu ya sakafu. Nikafungua mlango wa nyuma, na palipokuwa na jiko, na masufuria, na meko niliyojifunzia kupika bugali, nikaona mvua tu, na mbali chini mabati ya watu.

Nilipiga kelele. Mama akaniambia nifunge mlango, maji yanaingia.

Francine alikuja mbio na buti za kijani, na watu wa shirika, wakaanza kupanga mifuko kando ya ukuta wa nyuma. Na kabla mvua haijapungua nikamwona Gracien. Magari yalikuwa hayapandi, pikipiki zimekataa. Alikuwa ametoka Nguba kwa miguu, na viatu vyake vya misa, suruali imelowa mpaka kiunoni, mabegani ana mifuko mitupu aliyoiokota sijui wapi. Hakusalimia. Alishuka kwenye matope akaanza kujaza, akapitisha, akajaza tena, mwanaume mwenye presha ambaye ofisini kwake hata chai huletewa. Mara moja aliteleza, nikamshika mkono. Tulitazamana, na nikaona anaogopa kama mimi, na kwamba ameogopa hivi kila msimu wa mvua kwa miaka yote ambayo mimi nilikuwa natuma picha za theluji. Nilikuwa nimemwandika vibaya moyoni, huyu mdogo wangu. Leo nimemfuta nikamwandika upya.

Mvua ilipokatika alikaa kwenye kizingiti akamwambia Mama waende naye sasa hivi. Mama akajibu hawezi kutoka na miguu michafu. Gracien akaniangalia. Tumekubaliana mimi naye, Mama asisikie: Jumapili ijayo, baada ya misa. Ukuta utavumilia wiki moja, Mungu akipenda.

Oktoba 13

Tumepika kwa Francine. Jua kali, kama vile jana hakukuwa na kitu.

Oktoba 15

Tikiti imethibitishwa. Nitavuka mpaka kwenye mto Ruzizi kwenda uwanja wa ndege wa Kamembe tarehe 24, kisha Kigali, kisha ng'ambo. Nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jioni nilimwosha Mama miguu katika beseni, namna tunavyofanya tangu alipovunjika. Miguu yake ni midogo sasa, visigino vigumu. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Mambo yote mawili: siku yangu, na mpango wa Jumapili. Nilifikiri kama kweli anajiandaa kufa, basi asife akidanganywa na watoto wake. Nikaanza, "Mama, kuna neno nataka kukuambia."

"Maji imepoa," akasema.

Nikaongeza maji ya moto. Nikaanza tena. Akaniambia vilevile kwamba yamepoa, na beseni lilikuwa linatoa mvuke. Nikamkausha miguu, lile neno nikaliacha. Kitenge cha bluu kimerudi kutoka kwa fundi, kimetundikwa msumarini, na kimetoka vizuri.

Oktoba 18

Jumamosi. Nitaandika yote, hata kama itachukua siku nzima, kwa sababu nyumba haina mtu.

Niliamka alfajiri kwa harufu ya mafuta ya kupaka. Nikamkuta Mama amekaa kitandani, amevaa kitenge cha bluu chenye ndege, kilemba kimefungwa barabara, viatu vya ngozi miguuni. Nilidhani amejivalisha mwenyewe ili asitusumbue kumvalisha. Nilipiga magoti nikamshika mikono nikasema maneno ambayo sitayaandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimemaliza, kwa sababu boti haingoji.

Boti gani? Francine akaingia na buti za kijani, amebeba kama mtoto blanketi nyeupe iliyofungwa kamba, na kile kikapu nilichokuwa nimekitupa, kimejaa sambaza kavu. Hakunitazama usoni. Mama alisimama, akashika mkongojo, akasema anakwenda Idjwi kwa Bintu. Anakwenda kukaa. Huko udongo hautembei, Bintu ana vyumba vinne na hana mtu wa kugombana naye. Wamepanga tangu Septemba, kwa simu ya Francine, kila asubuhi wakati mimi nachambua maharage.

Nilikasirika. Naandika wazi, nilikasirika kuliko nilivyofurahi. Nilimwambia nimekaa siku ngapi namlilia kama maiti, na yeye anafanya mizigo. Akajibu kwamba aliniona nikilia, akafikiri ni habari ya Merveille.

Tulishuka polepole, mimi upande mmoja, Francine upande mwingine, mpaka barabarani ambako teksi ilikuwa inangoja. Nilimpigia Gracien, akatukuta bandarini bado na pajama chini ya koti. Fabien, mtoto wa Bintu, mkulima wa kahawa, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amekuja na boti ya jana kumchukua. Alimsalimia Mama kwa lugha ya Mashi na kunisalimia mimi kwa kucheka, kwa hiyo hata huko kisiwani wote walijua.

Gracien alimshika Mama mkono akamwambia amemtengenezea chumba. Mama akampapasa shavu.

"Ile chumba iko muzuri, mutoto wangu. Mélanie aliniuliza napenda rideau ya rangi gani. Minajua yote. Lakini dirisha inaangalia ukuta, na mi niko na macho bado."

Gracien alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti. Sijui Mélanie, na swali lake la pazia, atasikia nini leo huko nyumbani kwao.

Nami nikamwuliza Mama, wakati Fabien anapakia mizigo, alijuaje kuwa ninaondoka. Sikuwa nimemwambia mtu ila Gracien.

"Mutu anatoa bote yake mu mwezi ya mvua, ule anaenda," akasema. "Hata mutoto anajua."

Nikamwambia basi nimwambie siku yenyewe, nimechoka kuificha. Akaweka mkono wake mdomoni mwangu. Ulikuwa na harufu ya mafuta na samaki.

"Usiniambie. Mi pia sikukuambia yangu. Sikia, Micheline. Baba yako alienda Shabunda ku dhahabu, akapita mu ule mulango. Firmin alienda Kinshasa, akapita pale. Weye ukaenda Bulaya. Kila mara mi njo nabakia, mukono ku mulango, nasema mwende salama, halafu narudia mu nyumba naona sahani ya mutu mwenye ameenda. Siwezi tena. Mara hii mi njo naenda. Weye ubakie, uniangalie."

Baba hakurudi kutoka Shabunda. Firmin, kaka yetu, amezikwa Kinshasa. Nikambusu mkono uleule.

Fabien na mabaharia wawili walimpandisha Mama, mmoja huku mmoja kule, akiwagombeza kwa ajili ya kitenge. Kulikuwa na nafasi kwenye benchi linalotazama mji na nafasi kwenye benchi linalotazama mbele. Akachagua la mbele. Injini ikawaka, boti ikasogea kati ya magunia na mitumbwi, na mimi nikabaki ufukweni nikitazama mgongo wa Mama, ndege wa bluu na kilemba, umekaa wima kabisa. Nilingoja ageuke. Nilijua hatageuka, na niliendelea kungoja. Gracien alinivuta mkono, nikakataa. Nilitaka kumwangalia mpaka asionekane, kama alivyosema, na nilipomaliza kumwangalia ndipo nilipojua kazi aliyoifanya miaka yote ile pale mlangoni. Ni kazi ngumu. Anayeondoka ana mizigo, ana njia, ana watu wa kuuliza. Anayebaki hana cha kushika.

Francine alitangulia kurudi kwa pikipiki. Mimi nilipanda peke yangu, na nilipofika nyumbani nikakuta buti za kijani mlangoni. Zimeoshwa mpaka ndani ya nyayo, zimepangwa, vidole vinatazama nje. Nilimwita Francine nimwulize zinafanya nini hapo. Alikuja miguu mitupu, jogoo Monsieur anamfuata, akasema si wazo lake.

"Ni Maman. Alisema: rudishia Micheline bote yake. Mutu mwenye kubakia njo anahitaji bote."

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia, na Francine akakaa nami.

Oktoba 19

Jumapili. Mama amepiga simu. Bintu anakoroma, chakula chake hakina chumvi, amezeeka vibaya sana. Nimemsikia Bintu nyuma akimjibu. Tumecheka wote.

Baada ya misa nimekwenda Nguba. Gracien amesema chumba atakiacha vilevile, labda siku moja nitakitaka mimi. Pazia ni la bluu.

Oktoba 21

Mvua. Nimevaa buti, nimeshuka nyuma na Francine kuhamisha mifuko. Ukuta una ufa naweza kuingiza kidole. Gracien ataleta watu waondoe mabati na milango kabla nyumba haijajiendea yenyewe. Nimefungua chumba cha Mama kuangalia kama kunavuja. Juu ya meza kuna sahani yake, kikombe, kijiko. Niliviosha, nikavipanga, nikavitazama. Sikuweza kuvifungasha.

Oktoba 22

Mvua.

Oktoba 23

Mvua asubuhi, jua mchana. Mama amepiga simu kuuliza kama kunanyesha na kama nimevaa buti. Nikasema ndiyo. Hakuuliza lingine, nami sikusema lingine.

Oktoba 24, Kamembe

Leo.

Nimeamka mapema. Nimepiga deki chumba kwa chumba, hata ule upande unaokwenda. Nimeshusha Bikira Maria ukutani, nimemfunga ndani ya nguo zangu pamoja na sahani ya Mama. Buti nimeziacha mlangoni kwa Francine, vidole vinatazama ndani. Ataelewa.

Nimefunga mlango. Halafu nimegeuka kuaga, mazoea tu, mkono tayari uko juu, na kwenye mwimo hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya mafuta tu mahali Mama anaposhikilia, imekolea na kung'aa kwa miaka mingi ya kiganja kimoja. Nimeweka mkono wangu hapo. Mkono wangu ni mkubwa kuliko wake, alama yote ikafunikwa.

Nimelia njia nzima mpaka daraja la Ruzizi, na mwenye pikipiki hakuniuliza kitu. Sasa niko Kamembe, nangoja kuitwa. Sijampigia Mama. Nitampigia nikifika, kama inavyotakiwa, na najua atakavyosema: kwamba alijua tangu asubuhi.